Namna ya kuongoza mazungumzo ya wasomaji kuhusu riwaya ya Life of Pi

Kikundi cha wasomaji kikimaliza riwaya ya Life of Pi, mara nyingi anayetangulia kusema huuliza ni hadithi ipi iliyo ya kweli, ile ya chui milia au ile ya watu, na baada ya dakika chache kikundi kimekwisha gawanyika pande mbili zisizosikilizana tena. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyepewa kazi ya kuongoza mazungumzo hayo na anayetaka yafike mbali zaidi. Ushauri wake mkubwa ni mmoja: asiulizwe msomaji anaamini nini kabla hajaonyesha ni ukurasa gani uliomfanya aamini au aache kuamini. Riwaya yenyewe imejengwa juu ya jambo hilo, na mazungumzo yakilifuata, watu wa dini mbalimbali na wasio na dini watakuwa na mengi ya kuambiana. Kwa kuwa mwisho wa kitabu ndio unaozua mjadala, sitauficha hapa.

Maandalizi

Yann Martel, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa Salamanca nchini Hispania mwaka 1963, alichapisha riwaya hii mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Booker. Ina sura 100 katika sehemu tatu zisizolingana kabisa. Sura 36 za kwanza zinahusu utoto wa Pi Patel katika bustani ya wanyama ya baba yake mjini Pondicherry, kusini mwa India, na maisha yake ya utu uzima Toronto. Sura ya 37 hadi ya 94 zinapita katika Bahari ya Pasifiki, ambako kijana huyo anakaa siku 227 ndani ya mashua ya kuokolea pamoja na chui milia aitwaye Richard Parker. Na sura sita za mwisho zinatokea hospitalini Tomatlán, Meksiko, ambako maofisa wawili wa Wizara ya Uchukuzi ya Japani wanamhoji kuhusu meli iliyozama. Mgawanyo huo ndio unaokupa ratiba. Panga mkutano wa kwanza baada ya sura ya 36 na wa pili baada ya kitabu kizima, na katika mkutano wa kwanza usiruhusu hata neno moja kuhusu sura sita za mwisho.

Katika kila kikundi watakuwamo waliotazama filamu ya Ang Lee ya mwaka 2012 bila kukigusa kitabu. Waombe wasome, na uwaeleze sababu. Filamu ile imetumia ustadi wake wote kuonyesha hadithi ya wanyama, ilhali hadithi ya pili inatolewa kwa maneno tu na kijana aliyelala kitandani, bila picha ya tukio lolote. Mtazamaji amekwisha kuvutwa upande mmoja kabla hajapewa nafasi ya kuchagua. Kitabuni hadithi zote mbili zimeandikwa kwa wino uleule, na ile fupi ina ukali ambao macho hayawezi kuukwepa.

Waambie pia wasiruke maelezo ya mwandishi yaliyo mwanzoni. Hapo msimulizi anaeleza jinsi alivyokutana na mzee mmoja katika mkahawa wa Pondicherry, naye akamwahidi hadithi itakayomfanya amwamini Mungu. Wapo wasomaji wanaomaliza kitabu kizima wakishikilia kwamba Pi ni mtu aliyeishi, kwa sababu maelezo hayo yanawashukuru kwa sauti moja watu waliobuniwa na taasisi ya kweli kama Baraza la Sanaa la Kanada. Msomaji wa namna hiyo asichekwe. Amefanya kile ambacho kitabu kilimwandalia afanye, na ushuhuda wake ni mali ya kikundi: ni sentensi ipi iliyomshawishi, na alijisikiaje alipogundua kwamba sehemu kubwa ya maelezo hayo ni riwaya tayari?

Mkutano wa kwanza: kijana mwenye dini tatu

Malalamiko utakayoyasikia kwanza ni kwamba kitabu kinachelewa kuanza. Msomaji aliahidiwa bahari na chui, badala yake anasomeshwa tabia za wanyama waliofungiwa na ziara za kijana katika nyumba za ibada. Usiitetee sehemu hiyo kwa maneno ya jumla. Waombe watafute mahali ambapo baba anawalazimisha watoto wake kumtazama chui milia aliyenyimwa chakula kwa siku tatu akipewa mbuzi, kisha mahali ambapo Pi anaeleza kwamba mnyama hutulia anapoujua mpaka wa eneo lake na cheo chake. Maarifa yote atakayoyatumia baadaye na filimbi yake ndani ya mashua yamewekwa hapo. Waonyeshe vilevile kwamba katika sura ya nne Pi anadai kuwa bustani za wanyama na dini zimepatwa na balaa moja, yaani dhana potofu za watu kuhusu uhuru. Asiyekubaliana na dai hilo, na wengi hawatakubaliana nalo, atakuwa ameingia katika kiini cha kitabu kupitia mlango aliouona kuwa wa pembeni.

Suala la dini linahitaji muda mrefu na mkono mtulivu. Pi amezaliwa Mhindu, anakutana na Ukristo kwa Padri Martin huko Munnar, kisha anajifunza kusali kwa mwoka mikate Mwislamu aitwaye Satish Kumar, na hataki kuacha hata imani moja. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki kikundi cha wasomaji mara nyingi huwa na Waislamu na Wakristo mezani pamoja, na pengine Wahindu pia, kwa hiyo pingamizi itatoka ndani ya mioyo ya watu. Mwislamu ataona kwamba tauhidi haiwezi kuwekwa rafu moja na ibada ya miungu mingi. Mkristo ataona kwamba aliyemkubali Kristo hawezi kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mhindu anaweza kuona kwamba imani yake imefanywa kituo cha kuanzia safari. Hisia hizo ni halali, na kosa kubwa la kiongozi ni kuwatuliza watu kwa kusema kwamba dini zote ni sawa, kwani hapo atakuwa amechukua upande wa Pi dhidi ya wenzake na kuufunga mlango.

Dawa iko ndani ya kitabu. Katika sura ya 23 padri, imamu na kuhani wa Kihindu wanakutana kwa bahati na familia ya Pi wakipunga upepo ufukweni, kila mmoja anamdai kijana kuwa wake, na wanaishia kutupiana maneno makali mbele ya wazazi waliopigwa na butwaa. Tafuta wasomaji watano au sita, wape kila mmoja sauti yake, na isomwe kwa sauti kubwa. Pingamizi zote zilizokuwa zinangoja kusemwa mezani zitasemwa na wahusika, kisha Pi atajibu kwamba anachotaka ni kumpenda Mungu tu. Baada ya hapo uliza swali dogo: jibu hilo linamtosha nani katika wale watatu, na linakutosha wewe? Weka sharti kwamba kila mtu aseme kwa nafsi yake, na asiwepo wa kuisemea dini yake nzima. Nimeona sharti hilo likigeuza mabishano kuwa mazungumzo kwa haraka kuliko maonyo yoyote ya kuheshimiana.

Mtazame pia anayekaa kimya, ambaye mara nyingi ni yule asiye na uhakika. Pi anamheshimu mwalimu wake wa baiolojia, asiyeamini kuwako kwa Mungu, kama ndugu mwenye imani ya namna nyingine, lakini hana subira na mtu aliyeifanya shaka kuwa makao yake. Msomaji mwenye shaka ndiye aliyepigwa zaidi na kitabu hiki, na haki inataka apewe nafasi ya kwanza kujibu.

Mkutano wa pili: anza na ndizi

Siku ya mkutano wa pili leta beseni la maji na ndizi mbivu chache. Orangutangu aitwaye Orange Juice aliifikia mashua akielea juu ya ndizi zilizokuwa ndani ya wavu, na mmoja wa maofisa wa Kijapani, Bwana Okamoto, anamkatiza Pi kwa kudai kwamba ndizi hazielei. Pi anawaambia wajaze sinki maji na kujaribu. Fanyeni hivyohivyo. Ndizi zitaelea, na watu watacheka; subiri kicheko kipite, kisha uliza ni nini hasa kilichothibitishwa. Ndizi kuelea si ushahidi kwamba zinaweza kumbeba orangutangu, wala kwamba orangutangu alikuwako. Hata hivyo baada ya jaribio hilo karibu kila mtu humwamini Pi zaidi kidogo, na wakishaliona hilo kwa macho yao watakuwa wameelewa jinsi riwaya nzima inavyowashughulikia.

Sasa gawa vipande vya karatasi. Kila msomaji aandike mahali ambapo alishindwa kuendelea kuamini, pamoja na namba ya sura, bila kuonyesha mwenzake. Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu majibu hutofautiana mno. Wapo wanaokatika mapema, fisi anapompasua pundamilia. Wengine wanavumilia mpaka sura ya 90, ambapo Pi aliyepofuka kwa muda anakutana katikati ya Pasifiki na mtu mwingine kipofu ndani ya mashua nyingine. Wengi zaidi wanakwamia katika kisiwa cha mwani, chenye nguchiro wasiohesabika na maji matamu mchana, lakini kinachogeuka sumu usiku, na chenye tunda ambalo ndani yake Pi anakuta meno ya binadamu. Mtu aliyekubali chui milia ndani ya mashua kwa miezi kadhaa anasema kisiwa kimepita kiasi! Muulize kwa upole kwa nini chui alipita na kisiwa kikakataliwa. Katika kujibu ataieleza mizani yake ya kuamini, na mizani hiyo ndiyo anayoitumia hata nje ya vitabu.

Atakuwepo msomaji atakayesema kwamba hata bila chui hakuna binadamu awezaye kukaa baharini muda huo. Huyo mpe mifano ya kweli. Steven Callahan, Mmarekani, alielea siku 76 katika Atlantiki mwaka 1982 akitumia vifaa vya kusafisha maji ya chumvi kwa jua vinavyofanana na vile alivyokuwa navyo Pi, na baadaye akawa mshauri wa filamu ya Ang Lee. José Salvador Alvarenga, mvuvi kutoka El Salvador, aliondoka pwani ya Meksiko mwishoni mwa mwaka 2012 na kufika Visiwa vya Marshall baada ya siku 438, zaidi ya miaka kumi tangu kitabu hiki kichapishwe. Kasa, samaki, mvua na kiu ni mambo yanayowezekana, na ndiyo maana yanatuandaa kuyapokea yasiyowezekana.

Ukatili usipite bila kutajwa. Pi ni mtu asiyekula nyama, naye analia anapomuua samaki wa kwanza. Baadaye anakula karibu kila kitu. Waonye wasomaji mapema kuhusu sura za mwanzo za sehemu ya pili, na mtu aliyewahi kupoteza ndugu baharini asilazimishwe kuzizungumzia.

Hadithi ya pili

Hapo ndipo isomwe kwa sauti sura ya 99, kuanzia maofisa wanapokataa kuiamini hadithi ya wanyama. Katika hadithi ya pili mashua ina watu wanne: mpishi Mfaransa, baharia kijana aliyevunjika mguu, mama yake Pi, na Pi mwenyewe. Mpishi anamkata baharia mguu na hatimaye kumla, anamuua mama, na Pi anamuua mpishi. Maofisa wenyewe ndio wanaolinganisha: pundamilia ni baharia, fisi ni mpishi, orangutangu ni mama, na chui milia ni Pi. Acha kimya kidogo baada ya kusoma.

Wasomaji wa kwetu wana jambo la kuongeza hapa. Tangu utotoni tumesimuliwa fisi mlafi, anayeponzwa na tumbo lake, na kwa hiyo fisi alipoingia mashuani tulikwisha kumhukumu kabla hajafanya lolote. Uliza kama hukumu hiyo iliwafanya wampokee mpishi kwa urahisi mno, bila kuuliza njaa inamfanya nini mtu aliyekuwa wa kawaida juzi. Kwa upande mwingine, chui milia si mnyama wa nchi zetu wala wa ngano zetu, na pengine ndiyo sababu wengi wanachelewa kumwona Pi ndani yake.

Kiongozi awe na mambo mawili mkononi ambayo wasomaji hawayaoni kirahisi. La kwanza ni kwamba yule kipofu wa sura ya 90 anazungumza kwa lafudhi ya Kifaransa na anakiri kumuua mwanamume na mwanamke. Mpishi, basi, ameingia mara mbili katika hadithi ya kwanza, mara moja kama fisi na mara moja kama sauti gizani, na maofisa wanaliona hilo bila kujua walifanye nini. Kisiwa nacho kinabaki bila mwenzake katika hadithi ya pili, na ulinganifu ambao wasomaji wengi huuona kuwa umekamilika una tundu. La pili ni jina la chui. Mwaka 1884 mashua ya Kiingereza iitwayo Mignonette ilizama ikiwa safarini kwenda Australia, na mabaharia walionusurika wakamuua na kumla kijana wa miaka 17 aliyekuwa pamoja nao, jina lake Richard Parker. Nahodha Dudley na msaidizi wake Stephens walihukumiwa kwa mauaji, na adhabu ya kifo ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi sita. Mwandishi aliyempa chui jina hilo alikuwa ameiweka hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza tangu mwanzo.

Katika hatua hii swali la mwisho la Pi linaweza kuulizwa. Kwa kuwa hakuna hadithi inayoeleza kwa nini meli ilizama, na kwa kuwa hawawezi kuthibitisha lolote, anawauliza maofisa ni ipi iliyo bora. Wanachagua ile ya wanyama, naye anawaambia kwamba kwa Mungu mambo ni vivyo hivyo.

Usipige kura. Mkono ulioinuliwa hufunga kinywa. Sikiliza badala yake hisia tatu ambazo karibu kila mara hujitokeza. Yupo anayesema hadithi ya pili ni ya kweli waziwazi, na kwamba wanyama ni pazia lililofumwa na moyo uliojeruhiwa. Yupo anayekataa kata kata kuipokea hadithi ya pili, akisema Pi aliibuni ili maofisa waondoke. Barack Obama, alipokuwa rais wa Marekani, alimwandikia Martel mwaka 2010 baada ya kukisoma na binti yake, akakisifu kama uthibitisho wa kuwako kwa Mungu na wa nguvu za usimulizi. Wasomaji wengi wanakipokea kwa furaha hiyohiyo. Halafu yupo wa tatu, ambaye amechukizwa, na huyu anaweza kuwa mcha Mungu aliye imara kuliko wote. Anauliza: ikiwa ninamwamini Mungu kwa sababu hadithi yake inapendeza, hiyo ni imani au ni kujifariji? Asiyeamini naye anakasirika kwa sababu hiyohiyo kutoka upande wa pili, akiona kwamba ukweli umebadilishwa kwa starehe. Wakutanishe wawili hao. Mara nyingi hawakujua kwamba wanalalamikia jambo moja, na saa yote iliyobaki inaweza kutumika hapo bila hasara.

Mimi naona kwamba pingamizi hiyo ni nzito lakini inasahau hadithi ya kwanza ilivyo. Haina starehe. Ina kiu, damu, upofu, nyama ya binadamu ambayo Pi anakiri kuionja, na chui anayetokomea msituni bila kugeuka nyuma, jambo linalomliza Pi hata utu uzimani. Anayeichagua hadithi hiyo amechagua kuishi na kitu cha kutisha kilicho hai ndani ya mashua yake. Mtu akisema kitabu kinafundisha kuchagua kilicho kitamu, mrudishie sura hizo na umwombe aonyeshe utamu uko wapi. Kiongozi anaweza kutoa maoni yake kama haya, ilimradi ayatoe mwishoni na yawe na ukurasa nyuma yake kama ya mtu mwingine yeyote.

Huenda mtu akaleta shutuma kwamba riwaya iliibwa. Jibu kwa ufupi na kwa haki. Mwaka 1981 Moacyr Scliar wa Brazili alichapisha riwaya fupi kuhusu kijana anayewakimbia Wanazi na kujikuta baharini ndani ya mashua moja na jagwa. Martel alimshukuru Scliar katika maelezo ya mwanzo wa kitabu chake, mzozo ukazuka baada ya ushindi wa 2002, na Scliar hakufungua kesi. Wazo la mashua na mnyama linafanana. Maofisa wawili, hadithi ya pili na swali la mwisho ni vya Martel.

Kuandika mwitikio

Kabla ya kuachana, kila mmoja apewe robo saa aandike aya moja. Asisimulie kisa, kwani wote wanakijua. Aanze na ile sura aliyoiandika kwenye kipande cha karatasi, aeleze kilichotokea moyoni mwake alipofika hapo, kisha aseme kama mazungumzo yamemsogeza au yamemwacha palepale. Anayetaka kutaja dini yake ataje, asiyetaka asiulizwe. Aya zikusanywe bila majina na kusomwa na mtu mmoja kwa sauti moja, ili asijulikane mwenye shaka wala mwenye msimamo, na zisijadiliwe siku hiyo.

Baada ya kusomwa, wakumbushe wafungue ukurasa wa mwisho kabisa wa riwaya wakifika nyumbani. Kuna ripoti ya Okamoto kwa wakubwa wake kuhusu kuzama kwa meli, hati ya kiofisi iliyoandikwa na mtu ambaye hakuamini ndizi mpaka alipoziona zikielea. Watazame ni msafiri gani mwingine wa mashua aliyeamua kumtaja ndani yake.